Ugonjwa Uliokosa Jina

Wahenga walinena kuwa mficha uchi hazai. Methali hii hufunzwa madarasani kama wito kwa mwenye shida aieleze ili apate msaada, na wengi wetu tuliikariri bila kuyatazama maneno yake kwa makini. Ukiyatazama utaona kwamba waliotunga methali hiyo walichota mfano wao chumbani mwa uzazi: mwanamke anayeona haya mbele ya mkunga hawezi kujifungua. Hata hivyo, methali hiyo inaacha swali moja bila jibu. Je, atafanyaje mtu aliye tayari kuueleza uchi wake, ilhali lugha anayoizungumza haijampa neno la kuuelezea?

Swali hilo kwangu si la nadharia tupu. Nimeishi nalo tangu nikiwa na umri wa miaka 16. Ugonjwa nilio nao madaktari huuita kwa herufi nne za Kiingereza, PCOS, na hadi leo sijasikia watu wawili wakiuita kwa jina moja la Kiswahili. Katika makala haya nakusudia kumweleza msomaji namna ninavyoishi na hali hii, jinsi ninavyoidhibiti, na kwa nini naamini kwamba sisi tunaojifunza na kufundisha Kiswahili tuna sehemu ya kazi ambayo daktari hawezi kutufanyia.

Nililelewa Salgaa, kituo cha biashara kilichoko katika barabara kuu itokayo Nakuru kuelekea Eldoret na mpaka wa Uganda. Aliyewahi kusafiri njia hiyo usiku anakijua. Malori ya masafa marefu huegeshwa pale kwa safu ndefu, moja nyuma ya jingine, madereva wakipumzika, wakila, wakioga na kungoja mapambazuko. Mama yangu ana hoteli ndogo kando ya barabara, na kwa miaka mingi amewapikia madereva hao chapati, maharagwe, ugali na nyama. Lugha ya hoteli hiyo ni Kiswahili. Mkalenjin, Mkikuyu, Mluhya, Mkisii, Msomali na dereva kutoka Kampala hawana lugha nyingine ya kuelewana juu ya bei ya chai. Mimi mwenyewe niliota, nilicheka na kulia kwa Kiswahili kabla sijajua kwamba ni somo linalotahiniwa.

Salgaa ina sifa mbili zilizotangulia mbele ya kila mtoto atokaye huko. Ya kwanza ni ajali. Mteremko wa kutoka Sachangwan hadi kwetu umewameza watu wengi, na majonzi ya tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipowaka na kuwaua watu zaidi ya 100 waliokuwa wakichota petroli, hayajasahaulika. Sifa ya pili ni biashara ya miili, ambayo hufuata malori kila yanapolala. Msichana akisema ametoka Salgaa, wapo wanaotabasamu kabla hajamaliza sentensi. Namwomba msomaji aikumbuke sifa hiyo ya pili, kwa maana ndiyo iliyoupa ugonjwa wangu makali yake.

Kiswahili ni lugha tajiri wa tasfida. Msichana anapopata damu ya kwanza tunasema amevunja ungo. Kila mwezi baada ya hapo tunasema yumo mwezini, au yumo katika siku zake, au yu hedhini. Huko pwani, somo na kungwi walikuwa na kazi ya kumfunza mwari maneno haya pamoja na adabu zake. Lakini tasfida zote hizo ni za damu inayokuja. Kwa damu isiyokuja, lugha ya kila siku ina maana moja tu. Mwanamke akisema, "Nimekosa siku zangu," msikilizaji hana haja ya kuuliza zaidi. Ameshaelewa kuwa ni mimba. Hapo ndipo nilipokwama.

Nilivunja ungo nikiwa na miaka 12. Damu ilikuja mara mbili, ikapotea, ikarudi baada ya miezi minne, kisha ikapotea tena. Katika miaka ya mwanzo jambo hilo si la kushangaza, kwa kuwa mwili wa msichana huchukua muda kabla ya kushika ratiba yake. Wataalamu husema kwamba miaka mitatu ikishapita tangu damu ya kwanza, mzunguko unaozidi siku 35 unastahili kuchunguzwa; na ukishapita mwaka mmoja tu, kukaa siku zaidi ya 90 bila damu ni sababu tosha ya kumwona daktari. Mimi na mama hatukuwa na habari hizo. Niliingia kidato cha kwanza mwaka 2018, katika shule ya bweni, mwaka mmoja baada ya sheria ya elimu ya msingi kurekebishwa ili wasichana wa shule za umma wapewe sodo bila malipo. Mpango huo ni wa heri, na wenzangu wengi waliponea hapo. Kwangu ulizaa jambo ambalo watunga sheria wasingeweza kulitazamia. Niligawiwa sodo kama wengine, nami nikawa sina damu ya kuzitumia. Zikajaa sandukuni.

Mwezi wa Januari 2021 tulirudi shuleni baada ya kufungiwa nyumbani kwa takriban miezi kumi kwa ajili ya korona. Magazeti na redio zilikuwa zimejaa habari za wasichana waliopachikwa mimba katika kipindi hicho, na kila shule ilikuwa na hofu. Siku moja masanduku yalikaguliwa. Aliyelikagua langu alizihesabu paketi za sodo zilizokuwa hazijafunguliwa, akaniuliza ninatoka wapi. Nikamjibu kuwa natoka Salgaa. Hakuniuliza swali la tatu. Nilipelekwa kupimwa mkojo. Jibu likawa kwamba sina mimba. Baada ya wiki mbili nilipimwa tena kwa sababu jibu la kwanza halikuaminika. Jibu la pili lilipofanana na la kwanza, hakuna aliyeuliza swali lililobaki, yaani, kama si mimba, ni nini? Mabweni nayo yalikwisha kutoa hukumu. Wapo waliosema nimeitoa.

Wakati huohuo mwili wangu ulikuwa ukisema mambo mengine. Nywele nyeusi zilianza kuota kidevuni na chini ya kitovu. Chunusi zilinijaa usoni na mgongoni. Uzito uliongezeka ingawa nilikula chakula kilekile cha shule kilichowakondesha wenzangu. Shingo yangu, hasa upande wa nyuma, ikawa na weusi mzito, laini kama mahameli. Mama aliuchukulia weusi huo kuwa uchafu. Nikija likizo alinikalisha kwenye kigoda nyuma ya hoteli, akalichukua dodoki na sabuni ya mche, akanisugua hadi ngozi ikawaka moto. Weusi ukabaki palepale. Sasa najua kwamba ile haikuwa taka bali ilikuwa barua: ngozi hufanya hivyo pale damu inapokuwa na insulini nyingi kupita kiasi. Kuhusu ndevu, kila mpita njia alikuwa na tafsiri yake. Mmoja alisema mwanamke mwenye ndevu huwa tajiri. Mwingine alisema huwa mkali na hakaliki na mume.

Nilipokaribia kumaliza shule, mama alinipeleka kwenye zahanati moja ya kulipia. Nilipigwa picha kwa mashine ya mawimbi ya sauti, kisha tukaambiwa kwa sentensi moja, "Huyu msichana ana uvimbe kwenye ovari." Msomaji wa makala haya ajiulize neno uvimbe hubeba nini masikioni mwa mzazi. Kwa mama yangu, uvimbe ni kitu kinachokua, hukatwa kwa kisu, na mara nyingi hurudi na kuua. Aliifunga hoteli siku mbili, jambo ambalo hakulifanya hata alipofiwa na kaka yake. Mahali pengine tulipokwenda, tuliambiwa kwamba hakuna cha kufanywa kwa sasa: niolewe, nizae, na yote yatakwisha. Nilikuwa na miaka 18.

Hatimaye tulimpata daktari mmoja wa kike mjini Nakuru aliyekuwa na jambo moja adimu: subira ya kueleza. Aliagiza damu yangu ipimwe ili kuhakikisha kwamba tatizo halikutoka kwenye tezi ya shingoni wala kwenye homoni ya maziwa, akapima sukari na shinikizo la damu, akaitazama shingo yangu bila kushangaa. Kisha akaiweka kalamu chini na kuzungumza nasi kwa Kiswahili.

Alisema kwamba kila mwezi, ndani ya ovari, vifuko vidogo vyenye mayai huanza kukua pamoja. Katika hali ya kawaida kimoja huwatangulia wenzake, kikapevuka na kuliachilia yai lake. Ikiwa yai halikutungwa mimba, takriban wiki mbili baadaye damu huja. Katika hali niliyo nayo vifuko huanza safari vizuri lakini hukwama kabla ya kupevuka, vikakaa pale vikiwa vidogo, kimoja kando ya kingine. Hivyo ndivyo vilivyoonekana kwenye picha. Havikuwa uvimbe, wala si saratani, na kwa kawaida havihitaji kisu. Kinachovikwamisha ni homoni. Ovari hutengeneza kwa wingi homoni ambazo tumezoea kuziita za kiume, ijapokuwa kila mwanamke anazo kwa kiasi, na ndizo zilizoleta ndevu na chunusi. Kwa wengi wetu nyuma yake kuna insulini: mwili hauitii ipasavyo, kongosho linazidi kuitoa, na wingi huo huichochea ovari kutengeneza homoni hizo zaidi.

Mama alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema, "Kwa hivyo hayo mayai hayajafa, daktari. Yameegeshwa tu, kama malori ya kwetu."

Daktari akacheka. "Naam, mama. Yameegeshwa."

Sijawahi kusikia ufafanuzi ulio bora kuliko huo, nami nimesoma mwingi tangu siku ile. Mama hakusoma baolojia, lakini amelala miaka 20 kando ya malori yaliyosimama na anajua kwamba lori lililoegeshwa si lori bovu. Tulirudi Salgaa jioni hiyo, naye akaifungua hoteli.

Baadaye, nilipoingia chuoni, nilijisomea historia ya maradhi haya nikagundua kwamba tatizo la jina halikuanzia kwetu. Mwaka 1935, madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, waliandika juu ya wanawake saba waliokuwa na ovari kubwa na shida ya hedhi. Kwa miaka mingi ugonjwa uliitwa kwa majina yao. Jina lililofuata lilitokana na vile vifuko, ijapokuwa vifuko si lazima. Vigezo vilivyokubaliwa Rotterdam mwaka 2003 vinataka mambo mawili kati ya matatu: yai kutotoka kwa utaratibu, dalili au vipimo vya wingi wa homoni za kiume, na ovari zenye vifuko vingi. Kwa hiyo mwanamke anaweza kuwa na ugonjwa huu hata kama ovari zake hazina vifuko vingi. Na kwa wasichana wadogo miongozo ya kimataifa inashauri picha ya ovari isitumiwe kabisa kuamua, kwa sababu ovari changa huwa na vifuko vingi kwa kawaida yake. Mwaka 2012, jopo lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lilipendekeza jina hilo libadilishwe kwa kuwa linapotosha, na mjadala huo uliendelea kwa zaidi ya muongo mmoja. Ikiwa Waingereza na Wamarekani wamebabaishwa na jina walilolitunga wenyewe, sembuse mama wa Salgaa aliyetafsiriwa jina hilo kwa neno uvimbe?

Wala wanaobabaishwa si wachache. Inakadiriwa kuwa takriban mwanamke mmoja katika kila kumi walio katika umri wa kuzaa ana hali hii, na Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hadi asilimia 70 kati yao hawajui kwamba wanayo. Katika ukumbi wa mihadhara wenye wasichana 100, basi, huenda kumi hivi tukawa tumeketi pamoja bila kujuana.

Ugonjwa huu hauna dawa ya kuumaliza. Kinachowezekana ni kuudhibiti, na udhibiti huo ni kazi ya kila siku isiyo na shangwe. Nitaeleza wangu kwa ufupi, huku nikimwomba msomaji asiufanye kuwa agizo kwake, maana miili hutofautiana na daktari ndiye mwenye neno la mwisho.

Nilipewa dawa mbili. Ya kwanza ni vidonge vyenye homoni ambavyo hurudisha utaratibu wa damu, hupunguza ndevu na chunusi, na huulinda mji wa mimba. Ulinzi huo ni muhimu kwa sababu ukuta wa ndani wa mji wa mimba ukikaa miezi mingi bila kumomonyoka huweza, kadiri miaka inavyopita, kuingiwa na saratani. Vidonge hivyo havimfai kila mtu. Mwenye shinikizo la damu, kwa mfano, huenda akatafutiwa njia nyingine. Ya pili ni metformini, ambayo huusaidia mwili kuitii insulini. Shida ya dawa zote mbili ni majina yake. Vya kwanza Kenya nzima inavijua kama vidonge vya kupanga uzazi. Ya pili inajulikana kama dawa ya sukari. Shangazi yangu alipoviona vidonge juu ya meza yangu hakuuliza vinatibu nini. Aliuliza nampangia nani uzazi. Na mwenzangu wa chumbani, alipoiona metformini, alianza kunificha keki kwa huruma, akidhani nina kisukari. Hata letrozoli, dawa ambayo miongozo huitanguliza kwa mwenye hali hii anayetaka kushika mimba, ilianza maisha yake kama dawa ya saratani ya matiti. Sisi wenye ugonjwa huu tunameza dawa zenye majina ya shida za watu wengine, na kwa hiyo kila mara tunashukiwa kwa shida hizo.

Udhibiti mwingine uko sahanini. Binti wa hoteli ya Salgaa amekulia katikati ya chapati, mandazi na chai yenye vijiko vinne vya sukari, kwa kuwa dereva wa usiku hataki chai nyepesi. Sikuviacha vyote. Nilibadilisha vipimo. Ugali wangu sasa ni kipande cha ukubwa wa ngumi, nafasi iliyobaki ikijazwa sukuma wiki, managu au terere, pamoja na maharagwe au ndengu. Chai nainywa bila sukari, na chapati ni ya Jumapili. Daktari alinitahadharisha mapema kwamba si lazima nipungue sana. Kwa mwenye uzito mkubwa hata upungufu mdogo huweza kuleta nafuu, na mazoezi yana faida yake hata mizani isiposogea. Yalinifaa maneno hayo, kwa sababu mizani yangu ni kaidi. Nikiwa nyumbani siwezi kukimbia kando ya barabara kuu, kwa kuwa anayekimbia pale anaitafuta ajali, hivyo hushika njia za vumbi zinazoelekea upande wa Rongai asubuhi na mapema. Chuoni hutembea kwa miguu.

Madereva wa kwetu wana fundisho moja ambalo nimelifanya langu. Wakishuka kutoka Sachangwan, wapo waliokuwa wakiiweka gia huru ili kuokoa mafuta, lori likaserereka kwa uzito wake; na lilipohitaji kusimama, breki zikawa zimekwisha kuungua. Dereva mzee hushuka kwa gia nzito tangu juu, polepole, hata akitukanwa na walio nyuma yake. Ugonjwa wangu ni mteremko wa namna hiyo. Mwenye hali hii yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari cha aina ya pili na shinikizo la damu, na hatari hizo haziji kwa kishindo. Njia ya kuziepuka ni kushika gia mapema na kutoiachia: sukari kupimwa kila baada ya muda, damu ya mwezi kuandikwa kwenye kalenda, dawa kumezwa hata siku nisizoona faida yake.

Kuna jambo jingine lisilopimwa maabarani. Huzuni na wasiwasi huwapata wenye hali hii zaidi ya wanawake wengine, na miongozo ya sasa inawataka wahudumu wa afya waulize juu yake. Kwangu huzuni hiyo huja asubuhi mbele ya kioo, nikiwa na wembe mkononi. Nywele hazizidi unene kwa kunyolewa, kinyume cha inavyodhaniwa. Lakini hakuna aliyenifunza kwamba msichana anaweza kunyoa kidevu na bado akawa msichana. Hilo nimejifunza mwenyewe, na zipo siku ninazolazimika kulijifunza upya.

Aidha, kuna neno tasa. Lugha yetu imelihifadhi kwa jike na mwanamke, na ni neno lisilo na mlango wa kutokea. Mtu akishaitwa hivyo hakuna kiambishi cha kumwokoa. Ndilo neno lililonong'onwa nyumbani habari zangu zilipoenea, na kulijibu kunataka ukweli wa tiba: hali hii ni miongoni mwa sababu za kawaida za mwanamke kuchelewa kushika mimba, lakini wengi wenye hali hii huzaa, wengine bila msaada wowote, wengine kwa dawa za kulichochea yai. Kuchelewa si utasa. Nyanya yangu mzaa mama, ambaye ni Mkipsigis, alilijibu kwa njia yake. Alinikumbusha kwamba katika desturi ya kale ya Wakipsigis, kama ilivyokuwa kwa Wanandi, mwanamke asiyejaliwa mwana wa kiume aliweza kutoa mahari akamwoa mwanamke mwenzake, na watoto waliozaliwa wakawa wake, wakarithi mali yake. "Watu wa zamani," akasema, "hawakumtupa mtu kwa sababu ya tumbo." Sinuii kuifufua desturi hiyo. Naitaja kwa kuwa inaonyesha kwamba jamii ikitaka kumpa mtu nafasi, huipatia nafasi hiyo jina, na jina hilo humlinda.

Hapo ndipo ninapotaka kuifikisha hoja yangu. Salgaa imewahi kuuona ugonjwa mwingine uliokuja na malori. Katika miaka ya 1980 ugonjwa huo ulipoingia Afrika Mashariki ulikuwa na majina ya mafumbo na matusi. Kisha Kiswahili kikaunda neno UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini. Tazama kazi ya neno hilo: halimtukani mgonjwa, halimlaumu yeyote, na linaeleza kwa maneno matatu kitu gani kimeharibika. Unyanyapaa haukwisha kwa sababu ya neno. Lakini dereva na mwenye hoteli waliweza kuulizana, kliniki za barabarani ziliweza kufundisha, na mtoto wa darasa la nne aliweza kuandika insha. Jina halikuwa dawa, ila bila jina dawa isingelifika.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi katika kifungu cha 7, na katika kifungu cha 43 inampa kila mtu haki ya huduma bora za afya, zikiwemo za uzazi. Vifungu hivyo viwili havijakutana vya kutosha katika vyumba vya madaktari wetu. Mgonjwa huelezwa kwa Kiingereza asichokielewa, au kwa Kiswahili cha papo kwa papo kinachoita vifuko uvimbe.

Ninatoa mapendekezo yangu mbele ya wasomaji wa jarida hili ili yakosolewe. Neno vifuko litumike mahali pa uvimbe, kwa maana kifuko ni chombo cha kubebea kitu, na hicho ndicho kilichomo ovarini. Jina kamili laweza kuwa sindromu ya ovari zenye vifuko, ingawa kasoro ya jina la Kiingereza inabaki ndani yake. Wapo watakaopendelea jina linaloanza na homoni, nami sitawapinga. Kwa ile hali ya kukaa miezi bila damu pasipo mimba, napendekeza tuseme hedhi iliyosimama, ili msichana apate sentensi ya kumwambia mwalimu wake isiyomtia hatiani. Na vidonge vile viitwe vidonge vya homoni, kisha daktari aseme vinatibu nini kwa mgonjwa aliye mbele yake.

Kuunda istilahi si kazi ya mtu mmoja. Tunazo semina, tunazo tasnifu zinazotafuta mada kila mwaka, na wenzetu wa vitivo vya tiba wanakaa mabweni yaleyale tunayokaa sisi. Anayetafuta mada ya utafiti aende zahanati yoyote ya barabarani asikilize ni maneno gani hutumika kati ya muuguzi na msichana anayesema amekosa siku zake. Mimi nitaendelea na gia yangu nzito, sahani yangu na kalenda yangu. Lakini iwapo makala haya yatamfikia msichana mmoja ambaye sanduku lake limejaa sodo, ajue kwamba swali lake lina majibu zaidi ya moja, na kwamba anayo haki ya kuulizwa swali la tatu.